Mavazi ya Mpanda Baisikeli Wakati wa Kipupwe

1. Kipupwe katika nchi ya Dodoma

Watu wengi wa pwani wakisikia habari za Dodoma hudhani ya kuwa ni nchi ya jua kali na vumbi tupu, wala hawajui kwamba nchi hii ina baridi yake. Lakini ninyi mnaoamka kabla ya mapambazuko katika mwezi wa Juni na Julai, mkatoka nje kufungulia ng'ombe au kuteka maji, mwaijua vema baridi hiyo. Wakati ule mvua zimekwisha, mtama na uwele vimevunwa, majani yamekauka, na upepo wavuma kutoka mashariki na kusini-mashariki. Majira hayo huitwa kipupwe.

Sababu za baridi hii ni tatu. Sababu ya kwanza ni kimo cha nchi. Mji wa Dodoma umesimama zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na kadiri mtu apandavyo juu ndivyo hewa izidivyo kuwa baridi, yapata digrii 6 kwa kila mita 1,000. Sababu ya pili ni kwamba katika miezi hiyo jua limeelekea upande wa kaskazini wa dunia, nao upepo utujiao watoka pande za kusini, ambako ni majira ya baridi. Sababu ya tatu ni kwamba mbingu haina mawingu mengi usiku. Mawingu ni kama blanketi la nchi. Yakiondoka, joto ambalo ardhi ililipata mchana hupanda juu likapotea. Kwa hiyo alfajiri ya mwezi wa Julai hewa ya Dodoma huwa karibu digrii 13 au 14, na siku nyingine hushuka chini ya hapo.

Hii si baridi kali kama ile ya uwanda wa Kitulo huko Makete, ambako umande huganda juu ya majani. Mtu aketiye jikoni karibu na moto haioni kuwa kitu. Mtu aendaye kwa miguu aweza kuivumilia. Lakini kwa mtu apandaye baisikeli mambo ni mengine kabisa. Somo letu la leo litaeleza kwa nini ni hivyo, na jinsi ya kujikinga.

2. Habari ya kijana aliyekataa koti

Zamani nalikuwa nikifundisha katika kijiji kimoja kilicho upande wa mashariki wa mji wa Dodoma. Katika darasa la saba alikuwamo kijana mmoja mwenye akili na bidii, naye alijua sana kupanda baisikeli. Siku moja, mwishoni mwa Julai, nalimtuma mjini kupeleka barua, alale kwa mjomba wake, kisha arudi kesho yake asubuhi. Aliondoka saa tisa mchana. Jua lilikuwa bado kali. Nalimwona amevaa shati moja la pamba na suruali fupi, nami sikumwambia neno, maana mimi mwenyewe nalikuwa nikitoka jasho.

Safari ya kwenda ilikuwa nyepesi, kwa sababu upepo ulimsukuma mgongoni. Alilala mjini salama. Saa kumi na moja alfajiri, alipokuwa akitoa baisikeli nje, mjomba wake alimletea koti lake, akamwambia, "Mpwa wangu, chukua koti hili. Upepo wa leo si wa mchezo."

Kijana akajibu, "Ahsante, mjomba. Nikianza kukanyaga pedali nitapata joto."

Maneno hayo yalikuwa kweli, lakini si kweli yote. Tena hayakuwa sababu yake hasa. Koti lilikuwa kubwa mno, mikono yake ilimfunika hata vidole, naye aliona haya kuonekana na wenzake katika koti la mzee.

Basi akaondoka. Katika kilima cha kwanza alikanyaga kwa nguvu, akapata joto kama alivyosema, hata shati likalowa jasho. Alipofika juu, upepo ulimpiga kifuani, na lile shati lililolowa likawa baridi kama kitambaa kilichotoka kisimani. Akaendelea hivyo kwa muda mrefu, mikono yake mitupu imeshika usukani. Kisha akafika penye mteremko wa kushuka korongoni. Hapo aliacha kukanyaga, baisikeli ikaenda mbio kwa nguvu yake yenyewe. Chini aliona punda wawili wamesimama katikati ya njia. Akataka kufunga breki.

Baadaye aliniambia, "Mwalimu, niliviambia vidole vifunge, havikufunga. Vilikuwa kama vidole vya mtu mwingine."

Aliwakwepa punda akaanguka juu ya mawe, akavunjika mkono wa kuume. Mchungaji mmoja alimkuta, akamfunika kwa shuka yake, akamsaidia kufika penye zahanati. Mkono ulifungwa, na mtihani wa mwisho ulipofika alikuwa bado hawezi kushika kalamu. Wenzake waliingia katika chumba cha mtihani, yeye akaketi nje chini ya mti. Alingoja mwaka mzima.

Wahenga husema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Lakini lawama haikuwa yake peke yake. Kijana yule alijua majina ya mito mikubwa ya dunia, kwa maana nalimfundisha. Habari ya upepo na jasho sikumfundisha. Kwa sababu hiyo nawaandikia ninyi somo hili.

3. Joto latoka wapi?

Watu husema, "Sweta hili lina joto." Je, ni kweli? Chukua jiwe usiku, ulifunike kwa blanketi zito, uliache hata asubuhi. Utakapolifunua utalikuta ni baridi vile vile. Sasa mfunike mtoto kwa blanketi lile lile. Baada ya kitambo kidogo atakuwa na joto zuri. Basi joto halikutoka katika blanketi, lilitoka kwa mtoto. Blanketi lililinda tu.

Mwili wa mtu mzima wa afya, ndani yake, una joto la karibu digrii 37, akiwa Dodoma au akiwa pwani, mchana au usiku. Joto hilo hutokana na chakula tulacho. Kama vile kuni ziwakavyo jikoni, ndivyo uji na ugali vitumikavyo ndani ya mwili. Na misuli ikifanya kazi, joto huzidi. Mtu akikanyaga pedali, katika sehemu nne za nguvu aitumiayo, karibu sehemu moja tu huendesha baisikeli; sehemu tatu zilizobaki hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana kijana wetu alitoka jasho kilimani, ingawa hewa ilikuwa baridi.

Nguo nazo hulindaje joto hilo? Mtazame kuku asubuhi ya kipupwe. Yeye hana nguo ya kuongeza, lakini huvimbisha manyoya yake hata akaonekana mkubwa mara mbili. Kwa kufanya hivyo hushika hewa nyingi katikati ya manyoya. Hewa iliyotulia hupitisha joto polepole sana, kwa hiyo joto la mwili wake halitoki upesi. Sufu, pamba na blanketi hufanya kazi ile ile: hushika hewa katikati ya nyuzi zake. Fahamuni neno hili, kwa maana ndilo msingi wa somo lote: kinachotupa joto katika nguo ni hewa iliyotulia ndani yake.

Basi, kitu chochote kinachoiondoa hewa hiyo ni mwizi wa joto. Mpanda baisikeli ana wezi wawili, nao ni upepo na jasho.

4. Mwizi wa kwanza: upepo

Mtu aliyesimama hupata upepo wa nchi peke yake. Mpanda baisikeli hupata upepo wa nchi, tena hujifanyia upepo mwingine kwa mwendo wake. Tufanye hesabu. Tuseme upepo wavuma kilomita 20 kwa saa kutoka mashariki, na kijana aendesha baisikeli kilomita 15 kwa saa. Akienda kuelekea mashariki, kifua chake hupigwa na upepo wa 20 na 15, yaani kilomita 35 kwa saa. Akigeuka kwenda magharibi kwa mwendo ule ule, upepo humpita kwa 20 kutoa 15, yaani kilomita 5 tu kwa saa. Njia ni ile ile, baisikeli ni ile ile, lakini upepo wa kwanza ni mara saba ya wa pili. Hii ndiyo sababu kijana wetu alidanganyika. Jana yake alikwenda magharibi akaona raha, akadhani kurudi kutakuwa vivyo hivyo.

Upepo huiba joto kwa kuifukuza ile hewa yenye joto iliyo karibu na ngozi na kuleta hewa nyingine ya baridi mahali pake, wala hauchoki. Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 1941 Wamarekani wawili, Paul Siple na Charles Passel, walikuwa Antaktika, lile bara la barafu lililo kusini kabisa ya dunia. Walitundika nje chombo kidogo chenye maji, wakapima muda ambao maji huchukua mpaka yagande. Waliona ya kuwa upepo ulipozidi, maji yaliganda upesi zaidi, ingawa baridi ya hewa ilikuwa ile ile. Habari zao zilichapishwa mwaka 1945. Baadaye wengine walizisahihisha hesabu zao, na kwa hesabu zitumikazo sasa, hewa ya digrii 10 yenye upepo wa kilomita 35 kwa saa huhisiwa usoni kama hewa tulivu ya karibu digrii 6.

Angalieni pia hatari ya mteremko. Mtu akipanda kilima, mwendo ni mdogo, upepo ni mdogo, na misuli yatoa joto jingi. Akishuka, mwendo huwa mkubwa, upepo huzidi, na misuli imepumzika, haitoi joto kama kwanza. Yaani moto umepungua wakati ule ule ambao mlango umefunguliwa. Na ni katika mteremko huo huo ambapo mikono yahitajiwa kufunga breki.

5. Mwizi wa pili: jasho

Nyumbani mwenu, yamkini, mna mtungi wa udongo. Maji ya mtungini huwa baridi hata wakati wa jua kali. Kwa nini? Kwa sababu maji kidogo hupenya katika udongo, yakatoka nje ya mtungi, yakakauka kwa upepo. Maji yakikauka huchukua joto, nayo hulichukua kutoka katika mtungi na maji yaliyobaki ndani.

Mtu aliyevaa shati lililolowa jasho, akapigwa na upepo mkavu wa Dodoma, amejigeuza mtungi. Jasho likaukapo huchukua joto lake. Zaidi ya hayo, maji huingia katikati ya nyuzi mahali pa ile hewa iliyotulia, nayo maji hupitisha joto upesi kuliko hewa. Pamba hunywa maji mengi, na ikilowa hushikamana na ngozi, isitoe kinga. Sufu hustahimili zaidi. Hata ikilowa kidogo, nyuzi zake hubaki zimevimba, zikashika hewa.

Mwaweza kulijaribu jambo hili sasa hivi. Lowesha mkono mmoja, mwingine uuache mkavu, kisha pulizia yote miwili kwa kinywa. Pumzi ni ile ile, lakini mkono uliolowa utaona baridi zaidi.

Kwa hiyo mpanda baisikeli hujilinda pande mbili. Akivaa nguo chache mno, upepo humwibia. Akivaa nguo nyingi mno, hutoka jasho, na jasho humwibia.

6. Nguo tatu na kazi zake

Yafaa kuvaa nguo tatu nyepesi kuliko kuvaa moja nzito. Kila nguo ina kazi yake, na katikati ya nguo na nguo hukaa hewa. Tena mtu aweza kuvua moja akabaki na mbili.

Nguo ya kwanza, iliyo karibu na ngozi, ni ya kuuweka mwili mkavu. Na iwe fulana nyembamba, safi, inayoshika mwili bila kubana. Kama ni ya pamba, ambayo wengi wetu tunayo, chukua nyingine kavu mfukoni, uibadili ufikapo. Mwanafunzi akaaye darasani kutwa na fulana mbichi hupatwa na baridi hata kama safari imekwisha.

Nguo ya pili ni ya kushika hewa. Hii ni sweta, na la sufu ni bora. Si lazima liwe jipya. Katika masoko ya mitumba hupatikana masweta ya sufu yenye kitundu kimoja au viwili, nayo mama au dada aweza kuyashona yakawa mema.

Nguo ya tatu ni ya kuzuia upepo. Kwa kuwa sweta lina matundu madogo mengi, upepo huingia ndani yake na kuitoa hewa yote yenye joto. Hivyo juu yake pavaliwe koti jembamba la kitambaa kilichofumwa sana, au koti la mvua. Lifungwe vizuri shingoni na penye viganja, kwa maana upepo hutafuta mlango. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini lisikaze mno mwilini, jasho likakosa njia ya kutoka.

Asiye na koti afanyeje? Achukue kurasa kadhaa za gazeti kuukuu, azikunje, aziweke kifuani katikati ya shati na sweta. Karatasi huzuia upepo usipenye, na katikati ya kurasa hukaa hewa. Msicheke mkadhani ni dawa ya maskini tu. Katika mashindano makubwa ya baisikeli ya Ufaransa, yaitwayo Tour de France, yaliyoanza mwaka 1903, wapanda baisikeli hodari wamezoea kupokea magazeti wakiwa juu ya milima, wakayatia kifuani kabla ya kushuka. Gazeti likilowa jasho litupwe mahali pa taka, litiwe jingine kavu.

Je, shuka au kanga? Kwa mchungaji wa ng'ombe shuka ni nguo njema. Kwa mpanda baisikeli ina hatari, kwa maana upepo huipeperusha, na ncha yake ikiingia katika mnyororo au katika njiti za gurudumu, humwangusha mtu ghafula. Mwenye shuka tu na aizungushe kifuani, avae shati kubwa juu yake, ahakikishe hapana ncha inayoning'inia. Vivyo hivyo mguu wa suruali ndefu ufungwe kwa kamba upande wa mnyororo.

7. Mikono, masikio na miguu

Mwili ukiona baridi hufanya kama mzee wa nyumba wakati wa njaa: hulinda kwanza vitu vilivyo vya lazima. Damu hupunguzwa katika ngozi ya mikono na miguu, ikabaki zaidi ndani, kuulinda moyo na viungo vingine vikubwa. Ndiyo sababu vidole hufa ganzi kwanza. Na kutokana na hayo twajifunza jambo ambalo wengi hawalijui: mtu aonaye baridi vidoleni na afunike kifua pia. Kifua kikiwa na joto, mwili huiachia damu ishuke mikononi.

Hata hivyo mikono yataka kinga yake. Shika kwa mkono mmoja chuma cha usukani asubuhi, na kwa mkono mwingine mpini wa jembe uliolala nje pamoja na baisikeli. Chuma kitaonekana baridi zaidi, ingawa vyote viwili vina baridi sawa. Chuma huvuta joto la mkono upesi kuliko mti. Basi funga vishikio vya usukani kwa mpira au kitambaa kilichokazwa, kisiteleze. Vaa glovu. Usipokuwa nazo, chukua soksi kuukuu za sufu, ukate ncha, vidole vitoke kidogo. Kabla ya kuondoka jaribu breki mara tatu ukiwa umezivaa. Glovu inayozuia breki ni mbaya kuliko mkono mtupu.

Masikio ni membamba, nayo huumizwa na upepo upesi. Vaa kofia ya sufu nyembamba inayoyafunika, na kama una kofia ngumu ya kujilinda, ivae juu yake. Lakini usizibe masikio hata usisikie motokaa inayokuja nyuma. Miguuni vaa soksi na viatu. Na kwa kuwa alfajiri kuna giza, nguo ya nje ikiwa nyeupe au ya manjano, wenye magari watakuona mapema. Nayo taa iwashwe.

8. Desturi njema za njiani

Kwanza, kula kabla ya kuondoka. Kikombe cha uji ni kuni za safari.

Pili, uondokapo uwe na baridi kidogo. Ukisimama mlangoni ukaona joto zuri kabisa, umevaa nguo nyingi mno, na katika kilima cha kwanza utatoka jasho.

Tatu, chini ya kilima fungua koti. Juu ya kilima, kabla ya kushuka, lifunge tena. Usingoje mpaka uone baridi. Tahadhari kabla ya hatari.

Nne, katika mteremko nenda polepole, na kila mara chezesha vidole ujue kama vyakutii. Visipotii, shuka, ukokote baisikeli kwa miguu. Kutembea kutakurudishia joto, na upepo utapungua.

Tano, ukiharibikiwa na gurudumu, vaa nguo zako zote kwanza, ndipo uanze kuziba pancha. Mwili uliosimama haufanyi joto kama mwili unaokanyaga.

9. Mtu akishindwa na baridi

Ukimwona mwenzako anatetemeka asiweze kujizuia, ulimi wake mzito, anajikwaa au anasinzia, jua ya kuwa joto la ndani ya mwili wake linapungua. Likishuka chini ya digrii 35 ni hatari, naye apelekwe kwa mganga wa zahanati au hospitali bila kukawia. Wakati mnapongoja, mwondoeni katika upepo, mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni kwa blanketi kavu pamoja na kichwa. Akiwa macho na aweza kumeza, mpeni uji au chai yenye sukari. Msimpe pombe, pombe hupeleka damu katika ngozi, mtu akajiona ana joto, kumbe joto linatoka. Wala msitie vidole vyenye ganzi karibu na moto, kwa maana vidole hivyo havisikii, vitaungua bila yeye kujua.

10. Mwisho wa habari ya kijana yule

Mkono wake ulipona, na mwaka wa pili alirudi darasani. Asubuhi moja ya kipupwe nalikuwa nimesimama mlangoni pa shule, nikamwona akija juu ya baisikeli, akikabiliana na upepo. Alikuwa amevaa lile koti la mjomba wake. Mikono ya koti aliikunja, akaifunga kwa kamba penye viganja, na kifuani palitokeza ukingo wa gazeti. Watoto walimcheka sana. Yeye akaegemeza baisikeli yake ukutani, akawaacha wacheke.

Kisha akanijia, akaniambia, "Shikamoo, Mwalimu," akanipa mkono. Nami nikaona ya kuwa mkono wake ulikuwa na joto kuliko wangu.

Maswali na kazi

1. Taja sababu tatu za baridi ya Dodoma katika mwezi wa Julai.

2. Kwa nini jiwe lililofunikwa kwa blanketi haliwi na joto?

3. Upepo wavuma kilomita 18 kwa saa kutoka mashariki. Msichana aendesha baisikeli kilomita 12 kwa saa kwenda mashariki. Kifua chake chapigwa na upepo wa kiasi gani? Na akienda magharibi kwa mwendo ule ule?

4. Eleza jinsi shati lililolowa jasho lilivyo kama mtungi wa maji.

5. Kijana alisema, "Nikianza kukanyaga pedali nitapata joto." Eleza lililo kweli katika maneno hayo, na lile alilolisahau.

6. Jaribio: Chukueni chupa tatu zilizo sawa, mtie ndani yake maji ya moto kiasi, yasiyochemka. Ya kwanza izungusheni kitambaa kikavu, ya pili kitambaa kilicholowa, ya tatu kitambaa kikavu na gazeti juu yake. Ziwekeni penye upepo kwa robo saa. Kisha gusa maji ya kila moja, uandike ipi imepoa zaidi, na sababu yake.

7. Andika barua fupi kwa ndugu yako mdogo ambaye ataanza kwenda shule kwa baisikeli mwezi wa Juni. Mweleze nguo za kuvaa kwa kutumia zile zilizomo nyumbani mwenu tu.